Chapa, Mkono na Bei: Kuhakiki Fedha ya Taxco

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimeufikiria sana msemo huu tangu nilipoanza kuyaangalia kwa makini mapambo ya zamani ya fedha kutoka Meksiko, yanayouzwa na kununuliwa hapa Texas ninakoishi, na nimefika mahali pa kuutilia shaka. Katika biashara hii chema hakijiuzi. Kinachouzwa ni jina lililogongwa mgongoni mwa kitu, na kitu chenyewe hufuata nyuma kama mzigo unavyomfuata mchukuzi. Bangili yenye jina hugombewa. Bangili isiyo na jina, hata ikiwa imefuliwa kwa mkono ule ule, hutiwa kwenye mizani pamoja na vijiko vilivyopinda. Katika kurasa hizi nimekusudia kuuhakiki mtindo huo wa kutazama, na kueleza namna ambayo, kwa maoni yangu, mtu mwenye kisanduku cha mapambo ya namna hii angefaa kukisoma kabla hajakiuza.

Swali hili halikunijia kutoka vitabuni. Jirani yangu mmoja, mjane mwenye asili ya Meksiko, aliachiwa na marehemu mama yake bangili tatu, mkufu mmoja, jozi mbili za vipuli na bizimu moja. Alitaka kuviuza ili apunguze deni la matibabu. Mnunuzi wa kwanza aliviweka vyote kwa pamoja juu ya mizani akataja bei ya uzito. Wa pili aliiokota bangili moja pana, akasema kwa sauti ya mtu anayejua kwamba hiyo bila shaka ni kazi ya William Spratling, na kwamba akipewa auze kwa niaba ya mwenyewe, ataitangaza kwa jina hilo. Bangili haikuwa na jina la Spratling popote. Jirani alinijia kwa sababu alijua kwamba nimekaa na masonara tangu utotoni. Nilimwambia kuwa mbele yake kuna hasara mbili. Ya kwanza ni kazi ya mkono wa mtu kwenda kuyeyushwa, na ya pili ni kuuza uwongo. Katika biashara hii watu wengi huikimbia moja wakaangukia nyingine.

Ili tuelewe kwa nini jina la Spratling linatajwa upesi namna ile, tuanze na mji wenyewe. Taxco uko milimani katika jimbo la Guerrero, kusini mwa Jiji la Meksiko. Fedha ilichimbwa huko tangu Wahispania walipoingia katika karne ya 16, na katika karne ya 18 tajiri wa migodi José de la Borda alijenga kanisa la Santa Prisca, ambalo mpaka leo ndilo linaloonekana kwanza mtu anapoukaribia mji. Fedha ya Meksiko ilitembea duniani kwa umbo la sarafu, na sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki tuliishika mikononi. Ile iliyoitwa reale ya mzinga, kwa sababu nguzo mbili zilizochorwa juu yake zilifanana na mizinga, ilikuwa sarafu ya Kihispania, na nyingi za namna hiyo zilipigwa Meksiko. Lakini Taxco wenyewe ulitoa fedha ukabaki maskini. Uliichimba ikapelekwa kwingine kufuliwa.

Spratling, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1900 na aliyekuwa amefundisha usanifu wa majengo katika Chuo Kikuu cha Tulane, New Orleans, alihamia Taxco mwaka 1929. Barabara ya magari ya kutoka Jiji la Meksiko kwenda Acapulco, inayopita mjini hapo, ilikuwa na umri wa miaka miwili tu. Mwaka 1931 alifungua karakana iliyojulikana kwa jina la Taller de las Delicias. Alichora, na wafua fedha wakafua. Michoro yake mingi aliitoa katika mawe, mihuri na sanamu za watu waliokaa nchi ile kabla ya Wahispania: chui, nyoka, mikono, jua. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, bidhaa za anasa kutoka Ulaya zilipoadimika, maduka makubwa ya Marekani yaligeukia Taxco, na karakana yake ikawa na wafanyakazi mamia. Humo walipita wanagenzi ambao baadaye walifungua karakana zao wenyewe: ndugu wa Castillo, walioanzisha Los Castillo mwaka 1939, Héctor Aguilar, aliyeanzisha Taller Borda mwaka huo huo, na Antonio Pineda. Spratling alifariki mwaka 1967 katika ajali ya gari.

Hizo ndizo habari, na sizibishi. Ninachokibisha ni lile jina analopewa, Baba wa Fedha ya Taxco. Jina hilo lina ukweli ndani yake, maana bila yeye karakana zile zisingekuwepo kwa sura ile. Lakini limefanya dhambi mbili. Kwanza, limewasahaulisha watu kwamba mafundi wa mwanzo hawakufundishwa na Spratling kushika nyundo. Yeye hakuwa mfua fedha. Alimwita fundi kutoka mji jirani wa Iguala, Artemio Navarrete, na ufundi ukaanzia mikononi mwa watu wa namna hiyo. Pili, limemfanya kila mtu mwenye kitu kizuri kisicho na jina amtafutie baba. Mnunuzi yule wa pili hakuwa mwizi, nijuavyo mimi. Alikuwa amefundishwa na biashara kwamba uzuri lazima uwe na mtu mmoja wa kuusifia.

Katika shule zetu, mwanafunzi wa fasihi hufundishwa kukihakiki kitabu kwa fani na maudhui, na huambiwa asianze na jina la mwandishi. Nashauri vivyo hivyo kwa fedha. Weka chapa kando kwanza. Shika kitu mkononi upime uzito wake. Kazi nzuri za Taxco za miaka ya 1930 na 1940 aghalabu ni nzito, kwa kuwa fedha ilikuwa rahisi kupatikana na michoro yenyewe ilitaka unene. Kisha kigeuze. Mgongo wa pambo husema zaidi ya uso, kwa sababu uso ulitengenezwa uonekane na mgongo ulitengenezwa ufanye kazi. Tazama lehemu: je, viungo vimesafishwa, au vimeachwa na vidonge? Tazama bawaba na komeo: je, vimefuliwa kwa ajili ya pambo hili, au vimenunuliwa kwa jumla dukani? Pitisha kidole kwenye kingo za ndani. Fundi aliyejua kwamba bangili italala juu ya ngozi ya mtu alizilainisha. Aliyekuwa akikimbizana na idadi aliziacha kali.

Tazama pia uchakavu. Kitu kilichovaliwa miaka 50 hakichakai sawasawa. Pini ya bizimu hulegea pale inapopinda, bangili hulainika upande unaogusa meza wakati mtu anapoandika, na weusi hukaa katika mifereji ya nakshi ambako kitambaa hakifiki. Weusi uliopakwa jana kwa dawa huenea kila mahali kwa usawa. Vipuli vya kukaza kwa skrubu au kwa kibanio vilitengenezwa kwa ajili ya masikio yasiyotobolewa, na ndivyo wateja wa Marekani walivyovipenda katikati ya karne ya 20. Hii si hukumu, ila ni shahidi mmojawapo. Michoro nayo hutoa ushahidi: mwaka 1932 mtaalamu Alfonso Caso alifungua Kaburi la 7 huko Monte Albán, Oaxaca, lenye dhahabu ya Wamixteki, na vito hivyo vikaigwa sana kwa fedha. Pambo linaloiga kitu kilichotoka kaburini mwaka 1932 haliwezi kuwa la 1925, hata familia ikiapa.

Baada ya hayo yote, ndipo uichukue chapa na kioo cha kukuzia. Kwanza kuna ubora wa madini. Maneno STERLING au tarakimu 925 yana maana moja: sehemu 925 za fedha safi katika 1000. Lakini karakana za Taxco mara nyingi zilitumia fedha safi zaidi ya hiyo. Utakutana na 940, 950, 970 na 980. Tarakimu ya 980 huonekana sana katika kazi za miaka ya 1930 na 1940, na 970 hupatikana kwa Antonio Pineda katika miaka ya 1950. Pili kuna jina la nchi, MEXICO au HECHO EN MEXICO, ambalo peke yake halitaji tarehe. Tatu kuna tai. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya Meksiko ilitumia muhuri mdogo wenye umbo la tai na namba kifuani. Namba 1 mara nyingi ilihusu Jiji la Meksiko na namba 3 Taxco, na namba nyingine zilipewa karakana moja moja. Mtindo huo ulikoma karibu na mwaka 1980. Mahali pake zikaja herufi mbili na namba: herufi ya kwanza ni ya mji, kwa mfano T ya Taxco, ya pili ni ya jina la fundi au karakana, na namba ni ya daftari.

Kutokana na hayo mtu anaweza kufikiri kwa hatua. Penye tai, kazi ni ya kati ya mwishoni mwa miaka ya 1940 na karibu 1980. Penye herufi mbili na namba, ni ya baada ya hapo. Pasipo tai wala herufi, usikimbilie kusema ni ya zamani. Huenda ni ya kabla ya tai, na huenda ni ya karakana ndogo iliyokwepa daftari mwaka wowote ule. Kutokuwepo kwa chapa hakuthibitishi kitu mpaka mgongo, uzito na uchakavu vikubaliane. Tai wenyewe hughushiwa, kama zinavyoghushiwa herufi za WS za Spratling. Kugonga muhuri ni kazi ya nukta moja, ilhali kufua bangili ni kazi ya siku.

Ndipo inapokuja habari ya tarehe zinazodanganya bila kughushiwa. Watu wa Zanzibar na Omani wanaijua sarafu ya Maria Theresa, ambayo masonara waliiyeyusha kwa miaka mingi kupata fedha ya kufulia. Imeandikwa 1780, na iliendelea kupigwa ikiwa na mwaka ule ule kwa zaidi ya karne mbili. Chapa za Taxco zina tabia hiyo hiyo. Herufi za WS zikifuatana na T, S na namba, haziwezi kuwa zimegongwa Spratling akiwa hai. Yeye alifariki mwaka 1967, na mtindo wa herufi ulikuja miaka kama kumi na mitatu baadaye. Ni kazi halali ya warithi wa karakana yake, kwa michoro yake, lakini si ya miaka ya 1930. Vivyo hivyo Matilde Poulat, aliyetia sahihi ya Matl, alifariki mwaka 1960, na mpwa wake Ricardo Salas akaendeleza kazi na kuongeza jina lake. Margot van Voorhies, aliyefungua karakana ya Margot de Taxco mwaka 1948, aligonga namba kama 5 na tarakimu tatu nyuma yake. Hiyo ni namba ya mchoro, na atakayeisoma kama tarehe atapotea.

Na kuna neno moja dogo ambalo limewaliza wengi: ALPACA. Si mnyama, na si fedha. Ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, unaong'aa vizuri na kupokea nakshi vizuri, usio na fedha hata chembe. Hapa wahenga hawakukosea: vyote ving'aavyo si dhahabu, wala si fedha.

Sasa niseme juu ya vitabu. Viwili vimesaidia wengi. Kile cha Penny Chittim Morrill na Carole A. Berk, kilichotoka mwaka 1994, kinasimulia karakana na watu wake kwa picha. Kile kidogo cha Bille Hougart, kilichotoka kwanza mwaka 2001, kinaorodhesha chapa moja baada ya nyingine. Nawaheshimu wote watatu. Bila kazi kama hizo tungebaki tunabahatisha. Lakini nimeona jinsi kitabu cha orodha kinavyotumiwa mezani pa wauzaji. Mtu hukifungua kabla hajakigeuza kitu. Hutafuta herufi zinazofanana, akizipata hufunga kitabu, na kazi ya macho inaishia hapo. Kosa si la kitabu. Orodha ya majina ni kama daftari la mahudhurio: itakuambia nani aliandikishwa, haitakuambia nani alifanya kazi. Ningependa kila mwenye kitabu cha namna hiyo asome kwanza kile cha picha, na kabla ya picha, ashike vitu vingi mkononi, vibaya na vizuri.

Kisanduku cha jirani tulikisoma kwa utaratibu huo kwa jioni mbili. Bizimu lililotupwa kwenye mizani likiwa limefunikwa na weusi lilikuwa na enameli ya kijani na samawati, na tulipolisafisha mgongoni kwa maji ya vuguvugu na sabuni, jina la Margot de Taxco likajitokeza pamoja na tai. Hilo ndilo pekee lililokuwa na jina kubwa, na halikutajwa na yeyote. Mkufu, ambao familia yote iliuthamini kuliko vingine, ulikuwa alpaca; hata mizani ya mnunuzi wa kwanza ilidanganyika. Bangili mbili na vipuli vilikuwa vya watalii, vyepesi, vyenye tai, kazi safi isiyo na makuu. Ikabaki ile bangili pana. Chapa zake zilikuwa MEXICO SILVER na 980, basi. Uzito wake ulikuwa wa kweli, kingo zake laini, bawaba yake imefuliwa kwa mkono, na umbo lake la mikono miwili inayoshikana lilikuwa na utulivu ambao sijauona katika nyingi zenye jina. Kisha jirani akaleta picha ya mama yake akiwa ameivaa, na mgongoni mwa picha mpiga picha alikuwa ameandika Juni 1946.

Picha hiyo ilikuwa na thamani kuliko maoni ya mtu yeyote. Kwayo aliandika tangazo lake mwenyewe: bangili ya fedha ya Meksiko, chapa kadha wa kadha, haina jina la karakana, ilikuwepo kufikia Juni 1946. Hakuandika Spratling, wala hakuandika kwa mtindo wa Spratling, maneno ambayo hutumika kumwingiza mtu mlangoni bila kumkaribisha. Ilinunuliwa na mkusanyaji kwa bei iliyozidi ile ya uzito mara nyingi, na pungufu sana ya ile ambayo jina lingeleta. Deni lilipungua, halikuisha. Alinikumbusha hilo bila kunilaumu, nami sikuwa na jibu la kumfariji, ila kwamba aliyenunua alijua anachonunua.

Tofauti hiyo ya bei ndiyo kiini cha uhakiki wangu. Kama bangili ni ile ile, na uzuri ni ule ule, kile kinachoongezwa na herufi mbili ni kitu gani? Wafanyabiashara watasema ni uhakika. Nakubali kwa sehemu: jina hupunguza mashaka, na mashaka yana gharama. Lakini sehemu kubwa ya ongezeko ni malipo kwa hadithi ya mtu mmoja, ilhali kitu kilitoka katika mikono ya wengi: aliyechora, aliyeyeyusha, aliyefua, aliyelehemu na aliyesugua. Mamia ya watu waliofanya kazi Taxco hawakuwahi kugonga hata herufi moja ya majina yao. Bangili isiyo na jina ndiyo kumbukumbu yao iliyo wazi kuliko zote, na ndiyo inayoyeyushwa kwanza. Mnamo Januari 1980, bei ya fedha ilipokaribia dola 50 kwa aunsi, vyombo na mapambo mengi ya zamani yalitiwa motoni. Kila bei ya madini inapopanda, tanuri hufunguliwa tena, na waingiao humo ni wale wasio na mtu wa kuwasemea.

Kwa hiyo, msomaji, ukiwa na kisanduku kama hicho, usikisugue kwa dawa za kung'arisha kabla hakijatazamwa, maana weusi wa umri ukishaondoka haurudi. Ukiona ng'amba imepachikwa katika fedha, kama walivyofanya Spratling na wengine, fahamu kwamba mkataba wa kimataifa wa mwaka 1973 na sheria ya Marekani ya mwaka huo huo vinabana biashara yake, na pambo la 1940 bado halijatimiza miaka 100 ya kuhesabiwa kuwa la kale. Tafuta picha, risiti na barua kabla ya kumtafuta mnunuzi. Na unapoandika tangazo, andika unachokiona, kisha ukome hapo. Bei itakayopatikana kwa njia hiyo huenda ikawa ndogo. Lakini itakuwa bei ya kitu chenyewe, na wale waliokifua, ambao hatutayajua majina yao, hawatakuwa wamevishwa jina la mtu mwingine ili wapate kuthaminiwa.